Geukia Ukutani

Simu ya Mkaguzi haikulia kama simu za watu wengine. Ilikoroma. Ulikuwa mkoromo halisi wa mtu mzima aliyeshiba: unaanzia chini, unapanda kwa kukwaruza, unakatika ghafla mpaka msikilizaji anashika roho mkononi, halafu unaachiliwa kwa mluzi mwembamba wa puani. Unarudia mara tatu. Baada ya mluzi wa tatu inaingia sauti ya mwanamke, haigombi wala haibembelezi, imechoka tu: "Mzee, geukia ukutani." Mkaguzi alikuwa hapokei simu mpaka yule mwanamke amalize. Kwanza acheke peke yake, afute macho kwa kiganja, ndipo aseme haloo.

Mkewe huwa ameketi mbele yake na kikombe cha chai, anamtazama. Mkoromo ule ulikuwa wa Mkaguzi, na yule mwanamke alikuwa yeye. Mwaka wa sita sasa nchi nzima ilikuwa inaucheka, na mtu aliyebaki gizani ni mwenye pua yake. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kumwona nyani anayelibeba mfukoni na kulichekea.

Mkaguzi hakuwa mtu wa kuchekwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na kwenye maghala kupima mizani, na mizani aliyosema ni mbovu ilikuwa mbovu, hakuna rufaa. Nyumbani vilevile. Chumvi ilizidi pale aliposema imezidi, na baridi ilikuwepo pale alipoona baridi. Tangu wiki ya kwanza ya ndoa alikuwa ameshasema, "Mimi sikoromi," na jambo likapigwa muhuri.

Miaka ishirini na mitano mkewe alilala vipande vipande, nusu saa hapa, robo saa pale. Alikuwa karani wa masijala katika ofisi kubwa, kazi ya mafaili: kila faili na namba yake, kila namba na rafu yake. Ni kazi isiyotaka nguvu, inataka kichwa kilicholala vya kutosha. Mwaka mambo haya yalipoanza, alichukua faili la mzee mmoja aliyekuwa anastaafu akaliweka kwenye rafu ya waajiriwa wapya, na mzee wa watu, wiki moja baada ya kuagwa na kupewa saa ya ukutani, akapokea barua ya kumkaribisha kazini na kumtaka alete cheti cha kuzaliwa. Ofisi ilicheka wee mpaka ikachoka. Karani aliitwa kwa bosi akaandikiwa onyo.

Jioni ile akamwambia mumewe, kwa adabu zote, kwamba binti yao mkubwa ameshakwenda chuo, chumba cha nyuma kiko wazi, naye anaomba awe analala huko siku za kazi.

"Kwa nini?"

"Unakoroma, Baba watoto."

"Mimi sikoromi. Nenda kapime masikio."

Akaitwa kaka yake Mkaguzi, yaani shemeji mkubwa, mtu mwenye tumbo kubwa na hekima za kuazima. Alisikiliza pande zote mbili, akanywa chai mara mbili, akatoa hukumu. "Shemeji, tuhuma bila ushahidi ni umbea. Tena nyumba ikiwa na vitanda viwili, watu watauliza ina ndoa ngapi." Kikao kikafungwa. Chumba cha nyuma akapewa mtoto wa mwisho, ambaye hakuwa amekiomba.

Ushahidi mnautaka, Karani alijisemea akiosha vikombe vyao, basi mtaupata.

Ofisini kulikuwa na kinasa sauti kidogo cha kaseti, cha kurekodia vikao ili muhtasari uandikwe. Ijumaa akakiomba. Jumamosi saa nane mchana, Mkaguzi ameshakula, amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni na gazeti kifuani, Karani akakiweka kwenye mkono wa kochi akabonyeza. Alikusudia kukaa kimya. Lakini mkoromo wa tatu ulipokatika na mluzi ukatoka, mdomo wake ulisema wenyewe kile ulichozoea kusema kila usiku wa Mungu: "Mzee, geukia ukutani." Naye akageuka bila kuamka, kama siku zote.

Sasa linakuja kosa, na kosa lenyewe ni la zama zile. Leo mtu hawezi kulifanya hata akitaka. Karani alitaka dada yake asikilize kwanza, maana dada ndiye angemsemea kwenye kikao cha pili, na dada alikuwa anaishi mji mwingine. Fundi wa kompyuta wa pale ofisini, mwanaume mpole aliyetembea na waya mfukoni siku zote, akakiunganisha kinasa sauti na kompyuta, akapata kipande cha sekunde ishirini na tatu, akakiambatisha kwenye barua pepe. Ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja yenye intaneti na anwani moja tu ya barua pepe. Kwa dada vilevile: watu kumi na wawili, anwani moja. Kule kila barua iliyoingia ilifunguliwa na mpokea wageni, ikachapishwa kwenye karatasi, ikawekwa kwenye trei ya mhusika. Hii haikuwa na cha kuchapisha zaidi ya mstari mmoja: "Dada, sikiliza ninavyolala." Mpokea wageni akabonyeza kiambatisho aone ni kitu gani, na spika zilikuwa wazi.

Dada aliporudi kutoka chakula cha mchana aliwakuta wenzake kumi na mmoja wamejazana mezani kwa mpokea wageni, wengine wamekaa chini sakafuni wanalia kwa kicheko. Mmoja alikuwa na rafiki benki. Rafiki wa benki alikuwa na ndugu chuoni.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi barua ikarudi masijala, imevaa kichwa kipya: CHEKA UFE. Chini yake kulikuwa na orodha ndefu ya anwani ilizopitia, na Karani alizisoma zote: benki, chuo, gazeti, hospitali mbili, hata magereza. Bosi aliwaita wafanyakazi wote chumbani kwake wasikie. Karani alisimama nyuma na mafaili kifuani akacheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka huulizwa ana nini. Fundi wa kompyuta alimtazama mara moja tu, akainama akajifanya anatafuta waya chini ya meza. Mpaka leo hajamwambia mtu, na Mungu ampe maisha marefu.

"Nimekuponza, mdogo wangu," dada alisema kwenye simu. "Nisamehe. Lakini na mimi nimecheka, mbavu zinaniuma."

"Cheka tu. Mimi ushahidi wangu umekwisha."

Ulikuwa umekwisha kweli. Angewezaje kuuweka mezani mbele ya shemeji mkubwa? Mkaguzi angejua kwamba pua inayochekwa mabenki na magereza ni yake, na aliyeitoa nje ni mkewe. Mwanaume yule, ambaye aliwahi kukaa siku tisa bila kusema na jirani kwa sababu jirani alitania viatu vyake! Kaseti yenyewe ilirudi kazini, ikarekodiwa juu yake kikao kirefu kuhusu maegesho ya magari.

Mtu angedhani kitu cha kijinga namna ile kitaishi wiki mbili kife. Ndivyo walivyodhani wenye akili, na wenye akili hawajui lolote kuhusu watu. Vijana wa studio moja waliupigia ngoma, ukawa wimbo. Mtangazaji wa asubuhi akawa anafungua kipindi kwa ule mluzi. Kampuni ya magodoro ikautia kwenye tangazo. Simu za mkononi zilipojifunza kulia kwa sauti za watu, kila mfuko ukakoroma, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya posta. Harusini kukazuka ngoma yake: watu wanapanga mstari, wanalegeza shingo, na neno likifika wote wanageukia ukutani kwa mpigo mmoja, bibi harusi na shela lake. Mbunge alimwambia mwenzake ageukie ukutani akatolewa nje. Mshambuliaji akikosa goli la wazi, uwanja mzima unamwimbia. Na watoto wa chekechea, ambao hata hawakuwa wamezaliwa siku barua ile ilipotumwa, walikuwa wanaambiana "geukia ukutani" kama methali waliyoachiwa na mababu.

Karani angevumilia kama wangeishia kuucheka mkoromo. Lakini mchekeshaji mmoja alivaa wigi, akajaza matambara kifuani, akajiita Mama Geukia, na kuanzia hapo mwenye kuchekwa akawa mwanamke. Mama Geukia alikuwa na sauti kali ya kukwaruza na mwiko mkononi. Mama Geukia anamwamsha mume aliyechoka na kazi, anamnyima raha nyumbani kwake. Ubeti wa pili wa ule wimbo ulimwombea mume huyo apate mke mwingine mpole. Mwandishi mmoja wa gazeti, mtu mwenye shahada, aliandika nusu ukurasa kwamba mke mwema humwacha mumewe alale. Karani alikata kile kipande cha gazeti akakichana vipande vidogo sana, kimoja kimoja, chooni ofisini. Sauti ile haikuwa kali. Mwenye masikio angesikia kwamba haikuwa kali hata kidogo! Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba saa mbili za usingizi, na nchi ya watu wazima ikamshikisha mwiko.

Alikasirika miaka sita mfululizo, na hasira yake hakuwa na pa kuipeleka. Wenzake masijala wakipishana kwenye rafu walimwambia, "Mama, geukia ukutani nipite," wakacheka wao, naye akageuka. Hakuna aliyeshtuka. Watu aliofanya nao kazi miaka kumi na zaidi walimnukuu mbele ya uso wake wasimjue.

Nyumbani watoto walijua. Binti mkubwa aliusikia kwenye redio ya bweni, akapiga simu siku hiyo hiyo. "Mama, yule si Baba?" Mama akamwambia, "Nyamaza," na binti akanyamaza, na mdogo wake akanyamazishwa, na jambo likakaa ndani ya familia kama ugonjwa wa aibu.

Mkaguzi mwenyewe aliupata mwisho kabisa, kwa sababu alikuwa adui wa vitu vya kijinga mpaka siku aliponunua simu mpya na kijana wa dukani akamsikilizisha. Alicheka mpaka akaegemea kaunta. Tangu hapo akawa na maoni. Asubuhi alimlaumu mwanamke: "Mtu amechoka na kazi, analala zake, mke anampigia kelele, adabu gani hiyo?" Jioni alimlaani mwanaume: "Lakini na huyu mnyama! Hivi hana hata haya?" Mkewe alimjazia chai. Kuna siku alijaza mpaka ikamwagika kwenye sahani, kwa kuwa alikuwa anautazama mdomo wake badala ya kikombe.

Basi mwaka huo wa sita, mtoto wa mwisho alipata kazi mji mwingine akahama, na chumba cha nyuma kikawa wazi tena. Kabla Karani hajafungua kinywa, Mkaguzi alikuwa ameshaingiza humo mizani mbovu kumi na nne, kumbukumbu zake za kazini, akazipanga sakafuni kwa ukubwa. Karani aliziona akasema moyoni, yamekwisha. Nitakufa bila kulala.

Jumatano yake alipita duka la dawa kutafuta dawa ya kichwa. Foleni ilikuwa ndefu, na mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa amesahau kusogea. Karani akamwambia taratibu, "Mzee, sogea kidogo, foleni inakwenda."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamshika kiwiko. Alikuwa mtu wa makamo, na mfuko wa vitunguu mkononi.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi nani, dada?"

Yule mwanamke hakucheka. "Wa kwangu naye anakoroma. Wenzangu wakiusikiliza ule mkoromo, mimi nilikuwa nakusikiliza wewe tu. Nikawa najiuliza kila siku, hivi yule dada alikuja kupata pa kulala?"

Karani alimgeukia. Mtu asiyewahi kumwona, asiyejua jina wala kabila wala nyumba yake, amemjua kwa maneno matano ya foleni. Machozi yalimtoka pale pale kati ya dawa za kikohozi na sabuni za watoto. Yule mwanamke akamshikia pochi mpaka akamaliza kulia, na foleni ikawapita.

Alifika nyumbani hata hajavua viatu, akaenda chumba cha nyuma, akaanza kutoa mizani. Moja moja, mpaka barazani, zote kumi na nne. Mkaguzi aliporudi alizikuta zimepangwa kwa ukubwa vilevile, nje.

"Nani amegusa mizani zangu?"

"Mimi. Nahamia chumba cha nyuma."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa usingizi wangu."

Mkaguzi hakubishana na wanawake. Alipiga simu kwa kaka yake.

Kikao kilikaa Jumapili saa nane mchana. Shemeji mkubwa aliketi kwenye kochi, tumbo limekua pamoja na miaka. Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha pembeni, mgongo wima. Binti mkubwa, ambaye sasa alikuwa ameolewa, alikuwa amekuja kumwona mama yake akajikuta kwenye kesi. Alikaa karibu na mlango na kikombe mapajani. Simu ya Mkaguzi ilikuwa mezani.

"Shemeji," mkubwa alianza, "jambo hili si tulilimaliza?"

"Mlilimaliza nyinyi."

"Haya. Ushahidi umepatikana?"

Karani alikuwa na ushahidi kuliko mtu yeyote aliyewahi kushtaki. Taifa zima lingeweza kuja kutoa ushahidi huo. Akiusema, anamvua mumewe nguo mbele ya kaka na mtoto. Asiposema, mizani zinarudi chumbani kesho asubuhi na yeye anarudi kitandani kwa miaka mingine thelathini. Alitazama mikono yake. Alikuwa amemchukia yule mwanaume kwa miaka mingi na bado alikuwa anamwonea aibu, na hilo nalo lilimuudhi.

Simu ikakoroma.

Shemeji mkubwa akaanza kucheka hata kabla ya mluzi wa kwanza. Hakuna aliyeigusa; Mkaguzi aliinua kidole wangoje, na wote wakangoja. Ilipofika mara ya tatu shemeji mkubwa akaminya sauti ya Mama Geukia na kuimba pamoja nayo: "Mzee, geukia ukutaniii!" Kochi likatikisika. Mkaguzi alifuta macho, akakata simu ya watu bila kuipokea.

"Kaka, mimi kila nikiusikia huu najiuliza," alisema, bado anahema, "mke wa huyu mnyama anaishije? Mimi namlaumu sana yule mwanamke, lakini kusema ukweli, mtu gani anaweza kulala na kitu kile? Angekuwa na akili timamu angekuwa ameshahama chumba zamani."

Binti akaweka kikombe chini.

"Rudia," mkewe alisema.

"Nirudie nini?"

"Hayo uliyosema. Shemeji asikie vizuri."

"Nimesema angehama chumba! Kuna la ajabu?"

"Hakuna. Shemeji, umesikia? Amehukumu mwenyewe." Karani aligundua kwamba alikuwa amesimama. "Anayekoroma humo ni yeye. Kochi ni hilo ulilokalia. Kinasa sauti nilikiweka hapo ulipoweka mkono."

Shemeji mkubwa akauondoa mkono haraka.

Mkaguzi alicheka, akamgeukia binti yake. "Mama yako leo kaamua kutuchekesha."

"Baba, ni wewe," binti alisema, anatazama sakafu. "Tulijua siku ya kwanza. Tumekua tukikusikia kwenye kochi hilo kila Jumamosi."

"Mimi sikoromi."

Aliyasema maneno yale kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuisikia. Shemeji mkubwa akaichukua simu, akaibonyezabonyeza mpaka mkoromo ukatoka tena, na safari hii aliusikiliza kwa kichwa kilichoinama. Taratibu uso wake ukabadilika. "Marehemu Baba," alisema. "Marehemu Baba alikuwa anakoroma hivi hivi. Na huu mluzi. Tulikuwa tunajificha chini ya shuka tunaucheka, unakumbuka?"

Mkaguzi alikumbuka, ilionekana. Damu ilimpanda usoni. "Yaani wewe ndiye umenitangaza? Mke wangu wa ndoa? Nchi nzima! Maharusi wananicheza! Mimi, nyumba hii nimeijenga mimi, unachukua pua yangu unaigawa kwa wahuni?"

"Nilimpelekea dada yangu peke yake. Waliobaki walijipelekea wenyewe."

"Umeniaibisha!"

"Aibu gani? Nani anakujua? Pua yako haina jina. Mimi ndiye niliyepewa jina, nikapewa na mwiko, na wewe hapo mezani ukawa unanilaumu kila asubuhi nakumiminia chai." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mkoromo sikulaumu. Hakuna mtu anayeujua wa kwake, amelala. Lakini yule mwanamke? Unamsikia mchana kutwa. Simu hupokei mpaka amalize kusema. Miaka thelathini na moja uko naye nyumba moja. Hukumjua?"

Mkaguzi aliitazama simu, akamtazama mkewe, akairudia simu.

"Yule ni mtu aliyechoka," alisema mwishowe. "Wewe huna sauti ile."

"Sina nyingine, Baba watoto."

Shemeji mkubwa alikohoa. Alisema shemeji achukue chumba, kesi imekwisha, lakini Karani alikuwa ameshatoka sebuleni bila kungoja hukumu yake. Binti alimfuata. Walibeba godoro la mtoto wa mwisho lililokuwa limeegemezwa ukumbini, mama mbele, binti nyuma, wakalilaza kwenye kitanda cha chumba cha nyuma. Binti alitaka kusema kitu, mama akamwambia akamsindikize baba yake mkubwa.

Alikuwa anatandika shuka aliposikia mkoromo sebuleni. Ukaisha, ukaanza upya. Ukaisha, ukaanza upya. Mara ya sita Mkaguzi alitokea mlangoni na simu mkononi. Hasira ilikuwa imemtoka. Alikuwa amevaa miwani yake ya kazini na uso aliokuwa anaingia nao kwenye maghala.

"Sema," alimwambia. "Sema yale maneno nisikie."

"Sikiliza hiyo uliyo nayo."

Alitii. Aliiweka simu sikioni, akafumba macho, akakunja paji la uso. Karani alikuwa ameshika pembe ya shuka na hakuikunja. Alitaka amtambue. Alijichukia kwa kutaka, baada ya yote yale, lakini alitaka, kwa moyo wake wote, kama msichana wa miaka ishirini. Angesema tu "ni wewe", kama yule mwanamke wa vitunguu, labda angemsamehe hata mwiko.

Sauti ikaisha. Mkaguzi akafumbua macho.

"Hii," alisema, na alikuwa na hakika kabisa, "ni ya dada yako."

Karani akamalizia kukunja pembe ya shuka. Akaenda mlangoni, akaufunga taratibu, Mkaguzi akiwa bado amesimama pale na simu yake, akageuza ufunguo mara mbili. Ilikuwa saa kumi kasoro, jua bado liko dirishani. Alijilaza na nguo zake, akalala mpaka asubuhi ya Jumatatu, na kama mtu alikoroma katika nyumba ile, yeye hakusikia.